Nyumba Inakula Kila Mwezi: Mwongozo kwa Aliyehamia Kwake

Mwaka wa tatu tangu tuhamie kwetu Goba, doa lilitokea kwenye dari ya sebule, juu ya kabati la vyombo. Ukubwa wake ulikuwa kama kisosi, rangi yake kama ya chai ya rangi iliyomwagika. Nikasema masika yakiisha litakauka, na kweli likakauka. Masika yaliyofuata likawa sahani, kisha sinia, mpaka asubuhi moja kipande cha jipsamu kikadondoka mezani.

Fundi alipanda darini, akashuka na msumari mmoja kiganjani. "Mama, bati lako zima. Ni huu tu. Mpira wake umekufa." Ule mpira mweusi unaokaa chini ya kichwa cha msumari ulikuwa umekakamaa na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Maji yalipita hapo, yakatambaa juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, yakashukia kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa lote. Mbao mbili zilikuwa zimeoza kiasi kwamba fundi alichomoa nyuzi zake kwa kidole. Tulilipia mbao, dari, siku nne za mafundi wawili, na rangi ya sebule nzima kwa sababu rangi mpya haikuoana na ya zamani. Msumari wenyewe bei yake haifiki nauli ya daladala.

Tulipokuwa tunajenga, kila mtu alikuwa na ushauri wa tofali, nondo na saruji. Tulipohamia ushauri ukakoma. Sisi wenyewe tuliamini kwamba tukiacha kupanga tumeacha kulipa. Haikuwa hivyo. Kodi ilibadilika tu sura: zamani ilikwenda kwa mwenye nyumba kila miezi sita na tarehe tuliijua, sasa inakwenda kwa fundi, kwa mamlaka ya mapato (TRA), kwa ofisi ya ardhi, na mara nyingi inakuja siku ambayo hujajiandaa. Mwongozo huu ni wa kuzitafuta hizo tarehe kabla hazijakutafuta. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakoishi.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba na daftari

Chagua Jumamosi moja, ushike daftari na kalamu, uanzie getini. Andika kila kitu ambacho siku moja kitachoka: geti, rangi ya nje, bati, gata (mfereji unaokinga maji ya bati), fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), dari, vitasa, koki, pampu, tangi la maji, mnara wa tangi, chemba, karo (shimo la majitaka), nyaya, meinswichi, feni. Mbele ya kila kimoja weka mambo matatu: kiliwekwa mwaka gani, kwa makadirio kimebakiza miaka mingapi, na leo kukibadilisha ni bei gani. Bei usiibuni. Piga simu dukani, muulize fundi, andika.

Daftari letu lilijaa kurasa nne. Mume wangu aliposoma alinyamaza kidogo, kisha akasema hakujua tuna vitu vingi hivi. Huo ukimya una faida kuliko hesabu yoyote nitakayokuonyesha huko mbele.

Hatua ya 2: Fuata maji

Ukiwa na muda wa kukagua kitu kimoja tu, kagua maji. Karibu kila gharama kubwa niliyoiona, kwangu na kwa majirani, ilianza na maji yaliyopita pasipo njia yake.

Anza juu. Kabla ya vuli, yaani Septemba, na tena Februari kabla ya masika, mtu apande juu ya bati. Aangalie misumari, hasa upande unaopigwa na jua la mchana, kwa maana huko mipira hukauka mapema. Aangalie kofia, yaani bati la kilele cha paa, na pale mapaa mawili yanapokutana, kwa sababu majani ya mwembe hujikusanya hapo, yakashika unyevu na kulilisha bati kutu. Usimruhusu fundi akanyage katikati ya mgongo wa bati. Akanyage penye papi. Nimeona paa zima likiharibiwa na mtu aliyepanda kuliangalia.

Kisha gata. Watu wengi huacha gata wakidhani ni urembo. Chukua hesabu hii: paa lenye mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 5,000. Hayo ni matangi matano ya lita 1,000, na kama huna gata yote yanaanguka sentimita chache kutoka ukutani, mahali pale pale, kila mvua. Yanachimba mfereji, yanaweka wazi msingi, yanarusha tope ukutani mpaka rangi ya chini inabadilika. Ukiona nyumba imepata ufa wa ngazi ngazi kwenye kona, unaofuata viungo vya tofali, kabla ya kuulaumu udongo tazama maji ya bati yanaangukia wapi.

Shuka chini, uangalie ukuta kwa kimo cha magoti. Rangi inayovimba na kubanduka, unga mweupe kama chumvi, lipu inayolia kama ngoma tupu ukiigonga: huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Wengi wetu tulijenga bila kuweka nailoni ngumu chini ya jamvi (zege la sakafu) na juu ya msingi, au tuliweka ikatobolewa siku ya kumwaga zege. Kupaka rangi juu yake ni kutupa pesa; mwaka haufiki itabanduka tena. Punguza kwanza maji ya nje: weka gata, tengeneza mwinuko wa zege kuzunguka nyumba unaoteremka kwenda mbali na ukuta, ondoa bustani iliyoegemea ukutani. Acha ukuta ukauke miezi kadhaa. Lipu mpya na rangi zifuate baadaye.

Mabomba yana kipimo chake rahisi. Usiku kabla ya kulala funga koki zote, hata floti ya tangi, kisha andika namba zilizoko kwenye mita ya maji ya DAWASA. Asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, soma tena. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga kama ndoo ya lita 20 kwa siku, na hiyo ni ile unayoiona. Bomba lililopasuka chini ya sakafu hulioni. Utaona bili, au kigae kimoja kinachotikisika ukikikanyaga.

Mwisho wa safari ya maji ni karo. Karo likijengwa vizuri hukaa miaka bila kusumbua, kwa hiyo watu husahau kwamba lipo hadi choo kigome kushuka siku ya msiba au ya ugeni. Gari la majitaka la dharura siku ya mvua hupangi bei wewe. Fungua mfuniko mara moja kwa mwaka uangalie kimo. Na ukiwa bado hujajenga, hakikisha gari linaweza kufika karibu na karo. Nina jirani ambaye kila mara hulipia mpira wa ziada kwa sababu karo liko nyuma na njia ya pembeni aliijengea banda la kuku.

Kuna maji mengine ambayo si yako kabisa. Barabara ya mtaa ikiwekwa lami, mara nyingi huinuliwa, na kiwanja kilichokuwa juu kinajikuta bondeni. Huku Goba na Madale kwenye miteremko, jirani wa juu akisakafia uwanja wake wote, maji yaliyokuwa yanazama kwake sasa yanakuja kwako. Ukuta wa kuzuia udongo si kitu cha kujenga kwa tofali tu na kuomba Mungu. Unahitaji nondo, mguu mpana, na matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu ukisukumwa na udongo uliolowa huanguka, na ukiangukia gari au mtoto wa mtu, hasara hiyo haina kipimo.

Hatua ya 3: Mchwa na chumvi

Mchwa hawapigi hodi. Wanakula mbao kutoka ndani na kuacha ganda la nje likiwa na rangi yake nzuri. Tafuta vijia vya udongo vyenye unene wa penseli vinavyopanda ukutani, nyuma ya makabati, kwenye fremu za milango, na ndani ya chumba cha stoo usichokifungua. Gonga fremu kwa kifundo cha kidole; sauti tupu ni habari mbaya. Dawa ya mchwa inayopigwa kabla ya kumwaga jamvi ni nafuu sana kuliko ya kutoboa sakafu baadaye. Mbao za kenchi ziwe zilizotiwa dawa, na usikubali maneno, omba kuona rangi ya dawa mahali mbao ilipokatwa.

Chumvi ni habari ya wenzetu wa Kigamboni, Mbweni, Bagamoyo, Tanga na Unguja. Upepo wa bahari hula grili, bawaba, geti, hata kiyoyozi. Hatari kubwa imo ndani ya zege. Aliyejenga kwa mchanga wa baharini usiooshwa ameifungia chumvi pamoja na nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutoka ndani. Ukiona kipande cha zege kimedondoka chini ya kibaraza cha ghorofa na nondo nyekundu imechungulia, usizibe kwa saruji. Mwite mhandisi.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa nitasema machache. Swichi inayopata joto, harufu ya plastiki, breka inayojizima kila ukiwasha pasi: zima, mwite fundi mwenye leseni. Nyumba iliyotandazwa nyaya kwa ajili ya taa na redio leo inabeba friji, pampu, hita na kiyoyozi, na nyaya ni zile zile. Mwambie akague na ile fimbo ya athi iliyozikwa nje, inayopeleka umeme uliovuja ardhini. Mara nyingi waya wake umeshakatwa na jembe.

Hatua ya 5: Gawa kila kitu kwa miezi

Rudi kwenye daftari. Chukua bei ya kila kitu, gawa kwa miaka iliyobaki, kisha gawa kwa 12. Kwa mfano, kama kupaka rangi nje kutakugharimu 1,500,000 na unapaka kila baada ya miaka mitano, hiyo ni 25,000 kwa mwezi. Pampu ya 300,000 inayodumu miaka sita ni kama 4,200. Bati zima la milioni 8 litakalodumu miaka 20 mingine ni zaidi ya 33,000 kidogo. Vitu vitatu tu, na umeshapita 62,000 kwa mwezi.

Utasikia watu wakisema weka asilimia moja ya thamani ya nyumba kila mwaka. Kwa nyumba iliyojengwa kwa milioni 60, ni 600,000, yaani 50,000 kwa mwezi. Si kipimo kibaya kwa anayeanza, lakini mimi sikiamini sana, kwa sababu nyumba ya Mbweni na ya Dodoma hazichoki sawa, na nyumba ya miaka 25 haiwi sawa na ya miaka miwili. Daftari lako linajua zaidi.

Pesa hizo zikae mbali na akaunti ya matumizi. Sisi tunazituma kwenye akaunti ya pamoja ambayo kuitoa pesa kunahitaji saini mbili, na mwezi wa ada za shule ndio tunaoulinda kuliko yote.

Hatua ya 6: Yanayokwenda serikalini

Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme wa kulipia kabla. Utaratibu huo ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, na nyumba ya ghorofa hulipa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Yapo mambo matatu watu huyakosa. Kwanza, nyumba ikikaa bila mtu kununua umeme, deni linajikusanya, na atakayenunua baadaye atakatwa lote kwa mkupuo. Mpangaji mpya akikulalamikia kwamba amenunua LUKU na hakupata yuniti, mwelewe. Pili, nyumba moja yenye mita kadhaa haipaswi kulipa mara kadhaa. Nenda ukaombe mita za ziada ziondolewe. Tatu, mpangaji akikatwa kodi ya jengo amelipa deni lako. Mrudishie, au mwandikiane kwenye mkataba.

Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60 na anaishi humo mwenyewe anaweza kupewa msamaha, ila hauji wenyewe, lazima auombe. Wapelekeni wazee wenu.

Pango la ardhi ni jambo jingine, usilichanganye na kodi ya jengo. Linalipwa kila mwaka na mwenye hati, na ukichelewa linazaa nyongeza. Ardhi ya Tanzania ni ya umma. Hati yako ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Kutolipa pango ni kuvunja sharti, na huko mbele kunaweza kukufikisha kwenye kufutiwa miliki. Nimeona familia ikigundua deni la miaka kumi na moja siku ya kutaka kuuza, mnunuzi ameketi sebuleni na pesa yake.

Hatua ya 7: Hakikisha nyumba iko mahali pake

Hasara kubwa kuliko zote si bati. Ni kuambiwa nyumba yenyewe haikupaswa kuwa hapo.

Mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ambayo hapo ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Zilikuwamo nyumba za watu waliokaa miaka mingi, zenye umeme na maji, na wengine waliamini kwamba kuwekewa umeme ni kutambuliwa. Umeme si hati. Bili ya maji si hati. Risiti ya kodi ya jengo nayo si hati.

Kando ya mito na fukwe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Bonde la Msimbazi linatufundisha kila mara: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi walihamishiwa Mabwepande, na maji yameendelea kurudi Jangwani tangu hapo.

Kwa hiyo nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukafanye upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu, wa kiwanja chako, hata kama umeshakaa miaka kumi. Uliza ramani ya mipango miji inasema hapo ni makazi, ni barabara, au ni eneo la wazi. Kama huna hati bali mkataba wa serikali ya mtaa, anza mchakato wa urasimishaji, wa kupimiwa na kupewa hati, ukiwa na nguvu na majirani wa kushuhudia mipaka bado wako hai.

Humo humo kwenye faili weka mambo ya nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi asiyeona saini ya mke au mume ananunua kesi. Na kama hati bado ina jina la baba aliyefariki, anayekarabati kwa pesa zake bila msimamizi wa mirathi kuteuliwa anajenga kwenye mali ambayo ndugu zake wote wana fungu. Haya huwapata sana watoto walioko Muscat au Ulaya wanaotuma pesa za kumtengenezea mama nyumba.

Hatua ya 8: Mkopo na bima, kwa hesabu

Ukikopa benki milioni 50 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 15, marejesho ni karibu 770,000 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa kama milioni 138.5. Sisemi usikope. Nasema ulizeni kabla ya kusaini: riba inaweza kupanda katikati? Ada ya uthamini, ya usajili wa rehani na ya mwanasheria analipa nani? Nikitaka kulipa mapema kuna faini? Halafu ongeza kwenye marejesho ile namba ya hatua ya 5. Kama mshahara unatosha marejesho peke yake, hautoshi nyumba.

Bima ya nyumba wengi wetu hatuna, na wenye nayo mara nyingi wameiandika pungufu ili kulipia kidogo. Angalia linalotokea. Nyumba ya kujengwa upya kwa milioni 100 umeikatia ya milioni 50. Jiko limeungua, hasara milioni 20. Bima inaweza kukulipa milioni 10 tu, kwa hoja kwamba nusu ya hatari uliibeba mwenyewe. Uliza pia kama mafuriko yamo. Moto kuwemo si mafuriko kuwemo. Kiwanja usikihesabu, hakiungui.

Hatua ya 9: Ukiipangisha

Usihesabu miezi 12. Hesabu 10, maana kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia kuna rangi, vitasa, na wiki za kusubiri. Dalali naye huchukua chake. Kampuni ikipanga kwako itazuia asilimia 10 ya kodi inayokulipa na kuipeleka TRA. Dai cheti cha makato hayo. Na siku ya kukabidhi funguo, pitieni vyumba wote wawili mkiwa na simu, mpige picha kila ukuta, kila koki. Picha zimenisaidia kuishi kwa amani na wapangaji wa banda la nyuma kuliko mkataba wa kurasa sita.

Mwaka huu fundi anapanda juu wiki ya pili ya Septemba. Pakiti mbili za misumari ya bati nimeshanunua, ziko stoo kwenye kopo la maziwa, na kabla ya kuziweka nilibonyeza mpira wa kila msumari kwa ukucha kuona kama bado una uhai.